Arubaini ya Mize

Wanangu, mimi nimestaafu lakini mkono wangu wa kulia bado. Asubuhi nikikaa barazani hapa Pujini na ungo wa mchele mapajani, naukuta umeacha kuchagua chuya. Unapita polepole juu ya mchele, unainama kidogo, unasita, unarudi ulikotoka. Binti yangu huniuliza, "Mama, watafuta nini humo?" Namwambia sitafuti kitu, nachagua mchele wangu, aniache. Kumbe nimeshafika mbali, nimo chumbani kwetu kazini, taa zimezimwa, nausubiri ule ukungu wa kijivu ujikusanye uwe kiungo cha mtu.

Mwezi uliopita mliniita hospitali kuiona mashine yenu mpya ya utrasaundi. Nimeiona, ni nzuri, haina kelele. Ya kwanza kuitumia mimi ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, na ikianza kunguruma hata walio mwisho wa foleni walijua Bi Riziki kaingia kazini. Mlinikalisha kwenye kiti chenye mto, mkanipa soda na sambusa, mkaniomba neno la nasaha. Nikasema maneno ya adabu kuhusu kuwahi kazini. Njiani kurudi nikajilaumu, kwa sababu la kuwaambia nilikuwa nalo na nilikula sambusa badala ya kulisema. Ndilo ninaloliandika hapa.

Kazi hii nilifundishwa na Bi Zuwena, Mungu amrehemu, fundi wa picha aliyenitangulia kwa miaka mingi. Alikuwa mfupi, mpole, na mkali wa macho. Chupa ya jeli aliiweka kwenye bakuli la maji ya moto tangu asubuhi, maana alisema mtu ukimpaka jeli ya baridi hukunja mwili wote, na mwili uliojikunja hauonyeshi kitu. Sikuthubutu kumgusa mgonjwa kabla sijamwambia nitamgusa wapi, la sivyo Bi Zuwena alinifinya palepale, mbele ya mgonjwa. Na nikisema naona hiki na hiki, aliniuliza kama nakiona au natamani kukiona. Swali hilo lilinikera sana nilipokuwa kijana.

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja, tumelifunika kitambaa cha buluu. Nje jua la kuanikia karafuu, ndani magharibi isiyokwisha. Harufu ya karafuu ilipenya hata hivyo, na mpaka leo nikiinusa naona kijivu. Ukikaa mle saa tano au sita hujui tena kama ni Jumatatu au Alhamisi. Watu wanaingia na kutoka, unawajua kwa maini yao na figo zao, sura zao huzikumbuki. Nilikutana na mama mmoja sokoni Wete akanisalimia kwa furaha, nikashindwa kumjua, mpaka aliponiambia ana mawe kwenye nyongo. Hapo nikamkumbuka, hata idadi ya mawe.

Siku hizo picha za tumbo la chini tulizipiga kwa kibofu kilichojaa, kama mnavyofanya bado mara nyingi. Siku moja niliwanywesha maji wanawake kumi na wawili kwa pamoja, nikajiona mjanja, foleni itakwenda haraka. Umeme ukakatika. Wakakaa kwenye benchi wamebana miguu, mmoja anavuta nyiradi kwa sauti ya chini. Bi Zuwena akatoka, akawatazama mara moja tu, akawaambia nendeni msalani. Benchi likabaki na kandambili peke yake. Mimi nilipewa adhabu ya kuzipanga.

Nawachekesha kwanza, kwa sababu linalofuata halinichekeshi.

Alikuwapo mwanamke wa upande wa Micheweni, jina lake Mize, mlima mwani. Mara ya kwanza alipoletwa kwangu alikuwa binti mdogo mwenye mtoto wa kike wa mwaka mmoja. Alikuja na mavyaa wake, mama wa mumewe, na mavyaa ndiye aliyesema yote. Mize alionyesha tu kwa mkono, juu ya kanga, bila mkono kutua mahali. Inauma huku chini. Akikaa anahisi amekalia jiwe, na ndiyo maana alikaa kwa paja moja. Akiinuka inauma, akienda haja inauma. Na mambo ya yeye na mumewe hakuyasema, lakini mavyaa alipoyagusia aliinamisha uso mpaka ushungi ukamfunika.

Nikamjaza maji, nikamlaza chali. Nikamwambia tuliza mwili, usitikisike. Nikapitisha probu, kile kichwa cha mashine, juu ya tumbo lake, kizazi nikakiona, vifuko vya mayai nikaviona, kibofu safi. Nikaandika kwenye cheti cha majibu: hakuna kasoro. Alirudi baada ya miaka miwili, nikafanya yaleyale na kuandika yaleyale. Akarudi tena. Vyeti vitatu, sahihi yangu chini ya kila kimoja, na mwandiko mzuri kwelikweli.

Sikujua vyeti vile vinakwenda kufanya nini nyumbani. Mavyaa alikuwa akivitoa mbele ya majirani. "Mashine yasema mzima," ndivyo alivyokuwa akisema. Kama mashine yasema mzima, basi ni uvivu wa kwenda pwani, au ni kumkataa mume. Wakampa kombe, maji yaliyooshewa aya, wakamsomea, wakampeleka kwa waganga. Mumewe, Hamad, hakuwa mtu mbaya, ila naye alichoka, na mtu aliyechoka hukisadiki kilichoandikwa.

Mwisho daktari wetu akafika kikomo chake. Alimwonea huruma Mize, msimdhanie vibaya, alikuwa amemaliza dawa zote alizozijua. Akasema pengine maumivu yamo ndani ya kizazi, mahali picha haipaoni, na njia iliyobaki ni kukitoa. Mize alikuwa na mtoto mmoja na alimtaka wa pili kuliko alivyotaka kupona. Hilo aliniambia yeye mwenyewe. Siku ya kwenda Unguja kwa upasuaji ikapangwa, na kabla ya safari akaletwa kwangu kwa picha ya mwisho. Cheti changu cha nne, kikisema kama vile vitatu, ndicho kingempeleka.

Sasa niwaambie kilichonikuta katikati. Miezi michache kabla, nilipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya wiki mbili. Mwalimu wetu alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu, na kwa hilo peke yake nilishaanza kumdharau moyoni. Siku ya tatu akatuonyesha picha zilizopigwa kutoka chini, kati ya mapaja, probu ikiwa nje ya mwili. Akatuonyesha sakafu ya nyonga, msuli unaotandikwa chini ya kibofu na kizazi na utumbo wa haja kubwa, ukavishikilia vyote visianguke. Mimi nilitazama meza. Tangu nianze kazi sikuwahi kumpima mwanamke hapo, na hilo nililiita heshima. Binti yule akaendelea. Akasema wapo wanawake wenye maumivu ya miaka, wakipigwa picha ya tumbo wamelala kimya hawana kitu, kwa sababu msuli huu haukai pale tunapotazama, na ubaya wake huonekana ukiambiwa usogee.

Kisha akaichezesha picha, ikasogea. Mwanamke anabana, msuli unapanda mbele. Anaachia, unashuka. Wa pili anabana, hakuna. Anaachia, hakuna, kwa sababu umeshajikunja toka mwanzo, kama mtu aliyelala amekunja ngumi. Nikamwona Mize na paja lake moja kwenye benchi langu. Nilipata joto la aibu shingoni mpaka nikajipepea kwa daftari.

Asubuhi aliyokuja mara ya nne mvua ilikuwa ikinyesha, na chumba kilikuwa na giza zaidi ya kawaida. Mavyaa hakuja. Hamad alibaki nje kwenye benchi, amekumbatia mkoba wa makaratasi ya safari. Nilipopita akasimama.

"Bi Riziki," akasema, "mara hino umtazame vyema."

Nilimwambia Mize aende haja kwanza. Akanitazama, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Akasema miaka yote namjaza maji, leo namwambia ayamwage. Nikamweleza nitakachofanya, neno kwa neno, na kwamba akikataa sitamlazimisha wala sitamwandika mkaidi. Akafikiri. Akauliza kama mlango una komeo. Nikautia komeo. Nikamfunika kanga toka kiunoni mpaka magotini, nikaivisha probu glavu, jeli ikiwa ya moto kutoka bakuli la Bi Zuwena, na macho yangu nikayaweka kwenye kioo cha mashine nisiyatoe hapo. Hivyo ndivyo inavyofanywa, wanangu. Mkono wako unakuwa chini ya kanga na uso wako unakuwa mahali pengine.

Picha ikaja. Mfupa wa mbele, kibofu kitupu, njia ya uzazi, na kule nyuma ule utepe mweupe wa msuli. Ulikuwa juu, karibu na mfupa, mlango wake umebanwa mwembamba. Nikamwambia bana, kama unayezuia mkojo. Ukatikisika kidogo tu. Nikamwambia achia. Ukabaki palepale. Tukarudia mara tatu. Nikadhani mkono wangu, mgeni wa kazi hii, ndio unaokosea.

"Mize, umeachia?"

"Nshaachia, Bi."

"Mbona hapa naona umebana?"

Akaivuta kanga magotini. Mvua nayo ilikuwa ikisikika kwenye bati.

"Hiyo si ya vino leo," akasema. "Hiyo ya siku zote."

Nikamuuliza siku zote zipi, na hapo akanisimulia, akiwa amelala, akiitazama dari. Alilelewa na bibi yake, Bi Chumu, aliyekuwa mkunga wa kijiji chao. Alipojifungua, bibi ndiye aliyemchukua nyumbani kwake akae arubaini. Akamfunga mkaja tumboni kila asubuhi, akamkanda kwa maji ya moto, akamfunza kubana ndani pia. Ukiinuka bana, ukikohoa bana, ukimnyanyua mtoto bana, usiachie mpaka siku nitakayokwambia. Siku ya arubaini angemfungua mkaja, angemkogesha, angemwambia basi, sasa tembea zako. Bi Chumu akafariki siku ya thelathini na tatu.

Nyumba ikajaa watu wa msiba. Arubaini ya uzazi ikapita katikati ya khitma, na mashangazi wakamfungua ule mkaja wa nguo wakati wa kupika, bila neno lolote. Ule wa ndani hakuna aliyeujua. Mize akaendelea. Mwanzo alikusudia kuuliza mtu, akaona haya. Baadaye ikawa kama kwamba akiacha atakuwa amelitupa neno la marehemu. Akawa anabana akiinama kufunga mwani, anabana akinyanyua gunia la mwani mbichi, anabana akilala. Mwisho akawa hajui tena kama anabana. Mtoto wa siku thelathini na tatu sasa alikuwa anasoma darasa la kwanza.

"Alisema hadi anambie," Mize akasema. "Hajanambia."

Nitarudi hapo. Kwanza niwaondoe wasiwasi, maana najua nyinyi vijana hamna subira. Hakwenda Unguja. Nilimwandikia daktari nilichokiona, na karatasi ya pili nikaandika kwamba picha tatu za mwanzo zilitazama juu wakati ubaya ulikuwa chini, na aliyezipiga ni mimi. Daktari alizisoma zote mbili. Akaniuliza kama nina hakika nataka ile ya pili ikae kwenye faili. Nikamwambia ndiyo. Akamwita daktari wa kike ampime Mize kwa mkono, kwa sababu picha peke yake haitoshi, na ulipoguswa msuli ule Mize alilia akasema ndiyo hapo, hapo hasa. Safari ikafutwa. Akapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akafunzwa kupumua mpaka tumboni, kukaa, kuinuka, kuachia. Haikuwa wiki wala mwezi. Siku za maji ya bamvua, akishinda pwani na magunia, maumivu yalimrudia, akarudi kwa mtaalamu, akaanza tena. Alipokuja kuniaga mwaka niliostaafu alikaa kwenye benchi kwa mapaja yote mawili. Kizazi chake kipo mahali pake. Habari ya mtoto wa pili mwulizeni mwenyewe, akipenda atawaambia.

Jambo moja alilonisihi wakati naandika ni kwamba bibi yake nisimtaje kwenye karatasi. Alisema bibi hakukosea, aliwahiwa tu na mauti. Sikumtaja. Nimemtaja leo kwa jina nililolibadilisha.

Nanyi basi, kabla hamjashika probu, tokeni nje mkatazame wagonjwa wanavyokaa. Mimi nilipewa jibu kwenye benchi miaka sita nikalipita. Mwambieni mtu atulie, kisha mwambieni asogee. Msiandike hakuna. Andikeni sikuona, na mwandike mlitazama wapi, ili anayekuja nyuma ajue pa kutazama. Na heshima isiwe kisingizio cha uvivu, kwangu mimi ilikuwa hivyo na naomba Mungu anisamehe.

Sasa turudi chumbani.

Mize amesema hajanambia, na mimi nimekaa na probu mkononi. Mafunzo ya wiki mbili hayakunifunza la kusema. Kwenye kioo ule utepe umesimama juu, umechoka, unatetemeka kidogo ukingoni, na huko kote ni kijivu. Nilihisi kama nimo ndani ya nyumba ya watu na mlinzi wao yuko mlangoni, hajalala miaka saba. Nikamwaza Bi Chumu, ambaye sikupata kumwona, nikahesabu umri. Tungekuwa rika.

Nikauweka mkono wa kushoto juu ya goti lake, juu ya kanga.

"Mize," nikasema, "bibi yako hakuwahi. Mie nakwambia badala yake. Arubaini imekwisha, mwanangu. Wacha."

Akavuta pumzi ndefu, akaitoa, na kwenye kioo hapakuwa na kitu. Akavuta nyingine. Nikaanza kujuta kwamba nimeingilia mambo ya marehemu. Kisha utepe ukashuka. Ulishuka taratibu, ukasita, ukajaribu kupanda tena, ukashuka zaidi, na mlango ule mwembamba ukafunguka, na weusi mzuri ukaingia mahali palipokuwa peupe. Mize alikuwa amegeuza shingo, anatazama kioo, machozi yanaingia masikioni mwake na hayafuti.

"Ndo huo?" akauliza.

"Ndo huo."

Tukautazama pamoja. Sijui ni muda gani, mvua ilipoa na sisi tulikuwa bado tunatazama. Mwisho ukapanda tena, nikamwambia si neno, umeshaijua njia. Nikafanya vipimo, nikahifadhi picha za kumpelekea daktari, nikamfuta jeli, nikaenda kufungua komeo. Hamad alikuwa amesimama palepale nilipomwacha.

Usiku huo niliporudia picha moja moja kichwani ndipo nilipotambua. Picha nilizohifadhi ni zile za baadaye. Ile ya kwanza, ule mshuko wa kwanza, sikubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Bi Zuwena angenifinya. Haimo kwenye faili, haimo kwenye mashine ile kubwa waliyokwisha kuitupa. Mkono wangu ndio unaoijua, na kila asubuhi unakwenda kuitafuta ndani ya mchele.